Waimbaji wa Mlango wa Nyuma

Jumatatu moja ya Februari, mwaka 2001, Balqees alirudi kutoka kazini Qurum, mjini Maskati, na bango limekunjwa kwapani. Alilitandaza juu ya meza ya kulia, akazibana pembe zake kwa vikombe vya kahawa, akaita, "Mama, njoo unambie, maandishi haya yanasomeka kwa mbali au hayasomeki?"

Kazi yake ilikuwa ya matangazo kwenye hoteli moja ya ufukweni. Hoteli ilikuwa imemwalika mwimbaji mkongwe wa Jamaika, mmoja wa wale walioanza na ska, muziki ule wa mdundo wa kurukaruka, kabla mdundo haujapunguza mwendo, besi ikawa nzito, watu wakauita rege. Mwimbaji mwenyewe alikuwa akiishi London, na sasa alikuwa katika safari ya kuzunguka miji ya Ghuba.

Bi Rahila alitoka jikoni akijifuta mikono. Lakini aliyefika mezani mwanzo ni mumewe, Zahor, ambaye kwa kawaida habari za hoteli hazimhusu ndewe wala sikio. Aliinamia picha ya mzee mwenye kofia na ndevu nyeupe, akavaa miwani, akasoma jina kwa sauti: Cedric Tulloch.

"Huyu nnamjua," alisema.

"Unazijua nyimbo zake, Baba?"

"Namjua yeye. Wakati ule hana ndevu. Alikuwa na koti la kijani, limechanika kiwiko."

Balqees alicheka. Baba yake alikuwa mtu wa taarifa ya habari na wa kulala mapema. Hakumjua kuwa na rafiki yeyote mwimbaji. Bi Rahila hakucheka. Alimtazama mumewe kidogo, kama anayengoja aendelee, na alipoona haendelei akarudi kwenye chungu chake.

Zahor bin Saeed alikuwa na miaka hamsini na saba. Alikuwa msimamizi wa uzalishaji katika kiwanda cha plastiki huko Rusayl, kiwanda cha ndoo, makreti na matangi ya maji, na hapakuwa na mashine pale ambayo hakuijua kwa mlio wake. Ukoo mzima ukimwita Muhandis. Muhandis Zahor, aliyesoma London. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa mwaka 1972, mwezi ule aliofika Maskati, na Marhoon, kaka yake Rahila, katika baraza iliyojaa watu. Marhoon alikuwa ameshaingia serikalini na alitaka kumtambulisha mchumba wa dada yake kwa heshima. "Huyu ni Zahor," aliwaambia watu, "muhandis, amesoma London." Zahor alifungua mdomo kusema neno, kahawa ikamfikia, akanywa. Siku ya pili ikawa ni hivyo. Kazi zote alizopata baadaye alizipata kwa mikono yake, hakuna cheti alichoghushi. Lakini jina lilibaki, na yeye hakuwahi kulikatalia.

Ukweli ni kwamba alisoma mwaka mmoja na nusu tu. Alitoka Unguja mwaka 1962 kwenda kusomea uhandisi, na Januari ya 1964, yalipotokea yaliyotokea kwao, fedha za masomo zikakatika, barua za nyumbani zikakatika, na yeye akabaki katika chumba cha kupanga kusini mwa London, na koti moja na anwani ya kiwanda aliyopewa na mama mwenye nyumba, mtu wa Jamaika. Kiwanda hicho kilitengeneza santuri. Zahor akawekwa kwenye mashine namba nne, akakaa hapo miaka minane.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Donge la plastiki lililopashwa moto, laini kama unga uliokandwa, huwekwa katikati ya vibao viwili vya chuma vilivyochongwa mifereji ya sauti, lebo moja chini na moja juu. Mashine inabana, mvuke unapiga, kisha maji baridi yanapita ndani ya chuma, na ukifungua unaitoa santuri, kingo zake bado zina mabaki ya plastiki ya kukatwa. Kutwa mia sita, mia saba. Zilizokuja na lebo kombo au tundu lililopotoka zilirudishwa kuyeyushwa, ila msimamizi, Muayalandi mmoja mpole, akiwaruhusu wafanyakazi kuchukua moja moja.

Na waimbaji walikuja wenyewe. Makampuni makubwa yalituma malori kwenye lango la mbele, lakini wale waliotoka Jamaika, ambao redio ilikuwa haiwataki bado, walikuja mlango wa nyuma na gari la kuazima, au kwa basi, kuchukua maboksi yao ili kesho yake wayatembeze maduka ya vinyozi na majumba ya ngoma. Hawakuwa na subira ya kungoja. Msimamizi aliwaacha wasimame karibu na mabomba ya mvuke wapate joto, na Zahor ndiye aliyewapelekea santuri ya mwanzo ikiwa bado ya moto, wapate kuishika. Aliona watu wazima wakinyamaza ghafla. Cedric Tulloch na koti lake la kijani aliigeuza yake mara nne, tano, kama mtu anayetafuta sauti yake imeingilia wapi.

Hayo yote Zahor alimwambia Rahila wiki ya harusi yao. Baada ya hapo hakumwambia mtu.

Siku ya pili baada ya bango, alipanda ngazi akatoa boksi katika chumba cha vitu, boksi lililohama nyumba nne, na Bi Rahila alimsikia akipangusa vumbi. Jumatano alasiri, Balqees aliposema mgeni amefika, Zahor alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akafunga kilemba chake cha kutokea, akachukua santuri moja katika mfuko wa karatasi, akaendesha gari hadi Qurum.

Alimkuta Cedric Tulloch amekaa kwenye ukumbi wa hoteli, mwembamba, fimbo imeegemea goti, anakunywa chai. Zahor hakujua aanzie wapi, basi aliitoa santuri akaiweka mezani. Ilikuwa na lebo ya buluu, imebandikwa kombo, jina limeangukia upande kama linateleza.

Mzee aliitazama kwa muda mrefu.

"Umeipata wapi hii?" aliuliza.

"Nimeichapa mimi," Zahor alimjibu kwa Kiingereza chake cha London, ambacho hakukitumia kwa miaka. "Mashine namba nne. Mwaka sitini na tano. Ulikuja mlango wa nyuma, na mwenzako mmoja wa tarumbeta."

Cedric alivua kofia akaiweka juu ya goti. "Sura yako siikumbuki, nisamehe," alisema. "Niliona nyuso nyingi. Lakini joto lile nalikumbuka. Hakuna aliyepata kunambia nani aliyenipa santuri ile mkononi."

Walikaa hapo hadi magharibi. Wakitajiana majina. Mmoja akitaja mwimbaji, mwengine akisema amefariki lini, au amerudi Jamaika, au amekuwa mchungaji wa kanisa. Zahor akawakumbuka kwa mambo yao ya mlangoni, nani alikuja na mama yake, nani alilia, nani alipima uzito wa boksi akasema limepungua. Cedric akawakumbuka kwa sauti. Ndipo Zahor akamtaja Verona Pinnock.

Huyo alikuwa mwuguzi wa hospitali, msichana mrefu, aliyekuja na vazi la kazi chini ya koti lake. Alipopewa santuri yake aliiweka shavuni, akafumba macho, akasema ina joto kama mkate. Alitoa hiyo moja tu, nakala mia tano.

"Verona alifariki mwaka themanini na tatu," Cedric alisema. "Ana binti yake huko Birmingham. Binti ameitafuta santuri ile kila pembe. Hajapata kuisikia sauti ya mama yake akiimba katika santuri. Niliwahi kumwimbia mimi, kwa sauti yangu hii ya chura, angalau ajue wimbo unakwendaje."

"Nnayo nyumbani," Zahor alisema. "Njoo Ijumaa, ule chakula cha mchana kwetu."

Ijumaa Bi Rahila alipika wali wa nazi na maharage, kuku wa kupaka, samaki wa kuchoma na kachumbari. Cedric alipoona wali ukifunuliwa alisogeza kiti, akasema huo ndio wali wa Jumapili wa mama yake, huo huo, nazi na maharage, na kwamba hakuvuka bahari zote hizo kwa kutegemea kuukuta Maskati. Balqees alimfasiria mama yake. Bi Rahila, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifika, alimwongeza kijiko kikubwa bila ya kumwuliza.

Marhoon alikuwapo pia. Alikuwa mkurugenzi mstaafu wa wizara, mtu wa heshima zake, mwenye Kiingereza safi, na Zahor hakuweza kumwalika mgeni wa mbali bila ya kumwita shemeji yake. Walipokwisha kupakua, Marhoon alimgeukia Cedric kwa tabasamu.

"Basi wewe na muhandis wetu mlijuana chuo kikuu?"

Zahor hakuwa amemwambia mgeni wake chochote juu ya jambo hilo; hakuwaza kuwa atahitaji kumwambia. Cedric alimtupia jicho mara moja tu. Alikuwa mtu aliyesimama majukwaani miaka arubaini, akisoma nyuso za watu kwa kazi, akaelewa.

"Muziki ndio uliotukutanisha," alisema kwa upole, akachukua kipande cha samaki.

Njia ilikuwa imefunguliwa. Zahor angeweza kupita, mazungumzo yakaendelea na samaki. Lakini aliona uso umempata moto. Kuficha mwenyewe alikuwa amekuzoea. Kumwacha mgeni, mzee wa watu, amfichie juu ya chakula cha nyumbani kwake, hilo hakuliweza.

"Shemeji," alisema kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie kwanza katika lugha ya nyumbani, "mimi si muhandis. Sijapata kuwa."

Marhoon aliweka kijiko chini.

"Nilisoma mwaka mmoja na nusu. Baada ya hapo nilikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Nilichapa santuri kwa miaka minane. Huyu bwana simjui kwa chuo, namjua kwa mlango wa nyuma wa kiwanda, alipokuja kuchukua mzigo wake."

"Miaka yote hii," Marhoon alisema.

"Miaka ishirini na tisa. Wewe ulinitaja kwa jina hilo mbele za watu kwa kunipenda, na mimi sikukukatiza. Kosa ni langu, na nakuomba radhi. Lakini usinionee huruma, shemeji. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe."

Akakunja mkono wa kanzu mpaka kwenye kiwiko. Juu ya kigasha palikuwa na kovu jeupe, refu kama kidole, ambalo Balqees alilijua tangu utoto na alikuwa akiambiwa ni la maji ya moto.

"Hili ni la mashine namba nne," alisema. "Watu hawa walikuja London hawana mtu. Redio haikupiga nyimbo zao, maduka makubwa hayakuwataka. Walikuwa madereva wa basi, wauguzi, mafundi wa mabomba, na usiku wanaimba. Bila ya santuri wangeimba wakafa nazo vifuani. Sauti zao zimepita katika mikono hii, moja moja. Na leo dunia nzima inauimba muziki ule. Nilikuwa nimepoteza nyumbani, sina barua, sina habari ya baba yangu yuko hai au hayuko, na kila asubuhi nilikuwa na kitu cha kutengeneza ambacho mtu alikingojea mlangoni. Sijui kwa nini nimeona aibu ya jambo hilo."

Kisha akayarudia yote kwa Kiingereza, kwa ajili ya Cedric, kwa ufupi. Cedric alikuwa ameshaelewa kabla ya hapo, kwa kulitazama kovu.

"Mimi alinambia wiki ya harusi," Bi Rahila alisema. "Nikamwambia atasema mwenyewe siku atakayotaka."

Balqees alimtazama baba yake kama anayempima upya, kisha akainuka akaenda kuichukua gramafoni chumbani.

Marhoon alikishika tena kijiko, akala matonge matatu, manne. Zahor alingoja. Alimjua shemeji yake kuwa mtu asiyependa kukosea mbele za watu, na leo alikuwa amekoseshwa miaka ishirini na tisa kwa mpigo.

"Hiyo plastiki," Marhoon alisema hatimaye, "moto wake ulikuwa kiasi gani?"

"Digrii mia na hamsini, shemeji. Siku nyengine zaidi."

"Na mlikuwa hamvai glavu?"

"Glavu zinakufanya usijue kama donge limeiva."

Marhoon alitikisa kichwa taratibu, akalitazama tena lile kovu. "Si kazi ya mchezo," alisema, na akamsogezea Zahor sahani ya samaki.

Baada ya chakula walihamia sebuleni. Gramafoni ilikuwa ya zamani, Zahor aliinunua Matrah kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anafunga duka. Aliitoa santuri ya Verona Pinnock katika bahasha yake. Kosa lake lilikuwa kwamba lebo ya upande mmoja imebandikwa pande zote mbili, kwa hiyo ukiitazama hujui wimbo gani uko wapi. Lakini Zahor alijua. Akaweka sindano.

Kwanza ulisikika mchakacho, kama mchele unaopepetwa. Kisha gitaa likaanza kukata, tromboni ikaingia, na juu yake sauti ya msichana, nyembamba lakini haitetemeki, akiimba juu ya kungoja basi katika mvua baada ya kazi ya usiku, viatu vimelowa, na basi likija limejaa, heri aende kwa miguu akiimba. Ulikuwa wimbo wa dakika mbili na nusu. Mguu wa Marhoon ulitikisika, kisha akauzuia, kisha akauachia.

Cedric alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Katika kiitikio aliimba naye, sauti ya chini, akimfuata kama alivyomfuata studio miaka thelathini na sita nyuma. "Huyo wa tromboni," alisema wimbo ulipokwisha, "alikuwa fundi wa kupaka rangi. Alikuja studio na rangi kwenye nyusi." Kisha akaomba upigwe tena, na Zahor akaupiga tena.

Waliposikiliza mara ya tatu Balqees alikuwa ameshaleta redio yake, akaunakili wimbo katika kaseti. Zahor akairudisha santuri katika bahasha, akaizungushia taulo dogo, akampa Cedric.

"Mpelekee binti yake," alisema.

"Unajua hii ina thamani gani siku hizi kwa wanaokusanya?"

"Ndiyo maana nampa yeye."

Cedric alitaka kumtaja Zahor jukwaani siku ya tamasha, lakini Zahor hakukubali. Alimwomba jambo jengine. Basi siku ile, baada ya wimbo wa mwanzo, kwenye bustani ya hoteli iliyojaa watu, Cedric Tulloch aliwaambia wapiga muziki wangoje, akasogelea kipaza sauti, akataja majina. Wengi wa waliokuwapo hawakupata kuwasikia watu hao. Alitaja jina, akataja na kazi ya mchana ya mwenye jina hilo, dereva, mshonaji, fundi rangi, mwuguzi. Yalikuwa kumi na moja. Zahor alikaa meza ya nyuma na mkewe, binti yake na shemeji yake, mgongo umenyooka, na kila jina lilipotajwa aliiona lebo yake: ya buluu, nyekundu, ya manjano yenye maandishi meusi. Hakukumbuka siku aliyokaa mbele za watu akiwa mzima namna ile.

Mwezi wa Mei ilikuja barua kutoka Birmingham. Binti wa Verona Pinnock aliandika kwa mkono, kurasa mbili. Alisema alipouweka wimbo mara ya kwanza alitoka chumbani asiweze kukaa, akausikiliza akiwa kwenye ngazi. Wajukuu wawili wa Verona sasa wanauimba wakioga. Mwisho aliuliza: mama yake alisimama wapi hasa siku ile, alivaa nini, alisema nini, kwani hana mtu mwengine wa kumwuliza. Balqees aliisoma barua mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa sababu Bi Rahila alitaka kuisikia yote.

Zahor alimjibu kwa kurasa nne. Alipozimaliza aliona bado hajasema kitu. Ndipo Balqees akanunua kaseti tupu kumi, akaweka redio mezani Ijumaa baada ya chakula, na kumwambia asimulie tu, mmoja mmoja, wote anaowakumbuka. Marhoon aliomba naye awepo. Alileta kitafunio, akakaa karibu, akawa anauliza maswali ya namna ya mkurugenzi, mwaka gani, nani shahidi.

Ijumaa ya kwanza Zahor alikohoa, akaitazama taa nyekundu ya redio, akasahau kama kuna redio.

"Kulikuwa na ndugu wawili," alianza, "mapacha, mmoja mnene mmoja mwembamba, na huyo mwembamba ndiye mwenye sauti nzito. Walikuja siku ya theluji, miguu yao imefungwa magazeti ndani ya viatu. Msimamizi akawauliza, nyinyi ndio bendi? Yule mwembamba akasema, sisi ni nusu ya bendi, nusu nyengine iko kazini. Basi nikawapa santuri yao washike, na hawakukubaliana nani aanze..."